Mimi Ni Mzima, Sijui Ninyi

Kila aliyepitia shule ya msingi Kenya anajua barua ya kirafiki inavyoanza. Anwani upande wa kulia, tarehe chini yake, halafu: madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya, sijui wewe. Tulifundishwa hivyo kabla hatujapata hata mtu wa kumwandikia. Uwe na malaria, uwe umelala njaa, mwalimu alitaka uanze kwa kusema wewe ni mzima, la sivyo alama zinapungua.

Niliishi miezi kumi na saba katika mji mdogo wa Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi, na kila Jumapili niliituma sentensi hiyo nyumbani. Siku hizi haiandikwi. Unabonyeza alama ya maikrofoni kwenye WhatsApp na kuongea. Kundi lilikuwa na watu arobaini na watatu: mama, shangazi zangu wawili, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya harambee, mwalimu wangu wa Kemia, na wengine ambao mpaka leo siwajui sura, ila najua kila mmoja alitoa ngapi kwa sababu majina yalisomwa kwa kipaza sauti. "Hamjambo nyote, mimi ni mzima kabisa, masomo yanaendelea vyema, baridi nimezoea." Nikishatuma, naweka simu chini na kurudi kitandani nikiwa bado na viatu.

Chuo sikumaliza. Nalisema mapema usije ukanisoma hadi mwisho ukingojea joho na kofia. Nilirudi Nakuru, na tangu hapo naishi kwa kuandika: leo makala ya kilimo ya mtu fulani, kesho hotuba ya arusi, mara moja moja kitu changu mwenyewe. Katika kuandika huko nilianza kusoma habari za wasichana walionitangulia kwenda ng'ambo. Nitasema ukweli, sikuwa natafuta historia. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu aliyewahi kukiri kwamba kule hakuwa mzima.

*

Tuanze na ndege. Septemba 1959, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 wakielekea Marekani. Aliyeongoza mpango huo ni Tom Mboya, wakati huo kijana wa miaka 29, akishirikiana na rafiki yake Mmarekani, mfanyabiashara William Scheinman. Kwa nini Marekani? Kwa sababu uhuru ulikuwa unabisha hodi na nchi haikuwa na watu wa kuendesha ofisi. Afrika Mashariki nzima ilitegemea Makerere, na Royal Technical College ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa juzi tu, 1956. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapeleka wachache Uingereza, na digrii za Marekani ilizidharau waziwazi.

Pesa za ndege zilichangishwa kule na watu weusi wenye majina: Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji. Waliweka sahihi kwenye barua ya kuomba umma wa Marekani usaidie. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka kwa mpango huo, wengi wao Wakenya. Ukiisoma hadithi hii magazetini utakutana na orodha ya mawaziri, maprofesa na mabalozi. Utakutana pia na babake Barack Obama, ingawa yeye hakupanda ile ndege ya 1959.

Kuna upande mwingine wa pesa ambao hautajwi sana. Ndege ililipiwa, lakini mwanafunzi alihitaji nguo, karo ya ziada na pesa za mfukoni. Hizo zilitoka vijijini. Watu walifanya karamu za chai, wakauza mbuzi, wakauza ng'ombe, wakatoa shilingi mbili mbili. Kwa hiyo aliyepanda ngazi za ile ndege hakupanda peke yake. Alipanda na ng'ombe wa watu.

Wasichana walikuwa wachache. Hilo si ajabu ukikumbuka hali ya shule. Shule ya upili ya wasichana Waafrika pale Kikuyu, ambayo leo tunaiita Alliance Girls, ilianza 1948 tu. Kabla ya msichana kuota Marekani, alikuwa tayari ameshinda kesi kadhaa nyumbani: kwamba asiolewe kwanza, kwamba ndugu yake wa kiume asitangulizwe, kwamba akisoma sana hataharibika. Aliposhinda zote, kilichobaki ni kuonyesha kila siku kwamba waliompinga walikosea. Mvulana akishindwa ng'ambo, ameshindwa yeye. Msichana akishindwa, wanasema, "Si tulisema?" na mlango unafungwa kwa wadogo zake wote.

*

Tunayemjua zaidi kati yao ni Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 Ihithe, Nyeri, na utotoni aliishi pia huku kwetu Nakuru, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu. Alisoma Loreto, Limuru, akamaliza 1959, na Septemba 1960 akawa mmoja wa wale karibu 300 waliosafiri mwaka huo. Ndege za wakati ule hazikuwa za kulala ukaamkia New York. Yao ilitua mara kwa mara kutia mafuta, mara Libya, mara Iceland, mpaka ikafika.

Kutoka New York, yeye na mwenzake wa kutoka nyumbani walipanda basi kuelekea Kansas, safari ya siku mbili. Njiani, katika jimbo la Indiana, wasafiri waliingia mkahawani kunywa kitu baridi. Wao wawili wakaambiwa soda watauziwa, ila wakainywee nje. Wangari amekisimulia kisa hicho mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka 2006. Fikiria hali hiyo. Umetoka nchi ambayo imemaliza hali ya hatari mwaka huo huo, ambako kipande na kafyu unavijua vizuri. Umepewa picha ya nchi ya uhuru. Halafu hata chuoni hujafika, umeshaambiwa mahali pa kusimama na chupa yako.

Mwaka ule Marekani ilikuwa inachemka. Februari 1960, vijana wanne weusi walikuwa wamekaa kwenye kaunta ya wazungu kule Greensboro na kukataa kuondoka. Na huko Kansas walikoelekea ndiko ilikotoka kesi maarufu ya shule za Topeka, iliyofanya Mahakama ya Juu iharamishe ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Sidhani kuna aliyewaeleza wasichana hawa haya yote Nairobi. Waliambiwa juu ya baridi. Sisi pia tuliambiwa juu ya baridi.

Chuo chao kilikuwa Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake cha watawa Wabenediktini, katika mji wa Atchison kando ya mto Missouri. Ndio mji alikozaliwa Amelia Earhart, yule mwanamke rubani aliyepotelea baharini 1937. Kwa maelezo yake mwenyewe Wangari alipokelewa vizuri, akapata marafiki wa kudumu, na watawa aliwapenda. Siwezi kumgeuza kuwa mgonjwa ili anifae katika makala yangu. Alisoma Biolojia, akamaliza 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Kennedy alipouawa Novemba 1963, alikuwa huko. Kenya ilipopandisha bendera Desemba 12 mwaka huo huo, alikuwa huko. Sherehe iliyompeleka ng'ambo ikafanyika bila yeye.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikunitoka akilini. Kule chuoni alijulikana kwa majina yake ya ubatizo, Mary Josephine. Aliporudi nyumbani 1966 ndipo alipoyaweka kando na kujiita Wangari Muta. Miaka mitano na zaidi, msichana mzima aliitika jina ambalo nyanya yake asingemwita. Haikuwa kosa la mtu yeyote, na hakuna aliyemtukana. Ni rahisi zaidi kumwambia daktari kwamba mtu amekutukana kuliko kumwambia kwamba watu wote ni wema na hakuna hata mmoja anayekujua jina.

Wengine walibeba mengine. Pamela Odede alisoma Western College for Women, jimbo la Ohio. Baba yake, Walter Odede, alikamatwa 1953 akiwa kaimu rais wa chama cha KAU, akawekwa kizuizini kwa miaka. Binti huyu alikuwa pia mchumba wa Mboya mwenyewe, na waliooana Januari 1962 ni hao hao. Yaani alikuwa darasani Ohio huku nchi nzima ikimjua kama binti wa fulani na mke mtarajiwa wa fulani. Ukiwa na macho yote hayo mgongoni, ungeandika barua gani ya kusema umechoka?

*

Swali hilo nilimpelekea mtu. Kuna mwalimu mstaafu hapa Nakuru ambaye yeye na nyanya yangu wamekuwa chama kimoja cha akina mama tangu sijazaliwa. Alienda Marekani mapema miaka ya sitini, si kwa ndege ya Mboya bali kwa mpango wa kanisa. Nilimpelekea mkate na majani chai, tukakaa barazani.

"Mwalimu," nikamuuliza, "ulikuwa unaandika nini nyumbani?"

"Kwani ungeandika nini?" akasema. "Baba hakujua kusoma. Barua ilifika posta ya sokoni, mwalimu mkuu akaichukua, ikasomwa Jumapili baada ya ibada. Wale waliouza mbuzi wao wamekaa pale mbele. Sasa wewe mtoto wa watu uandike ati usiku hulali?"

"Kwa hiyo ulisema wewe ni mzima."

"Mzima kama chuma." Akacheka mpaka akashika kifua. Alipotulia akasema, "Nilikuwa nalilia kwenye chumba cha kufulia nguo. Mashine zilikuwa na kelele."

Nilinyamaza, kwa sababu mimi nililia bafuni, na pia niliwasha maji kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho vitabu vilikuwa vimenizungusha. Nilikuwa nikidhani ukimya wa wasichana wale ulikuwa ushujaa, na kwamba mimi nilikosa kile walichokuwa nacho. Kumbe ukimya wenyewe ulikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Barua haikuwa yao. Ilikuwa risiti. Kijiji kilitoa pesa, kijiji kikasomewa matokeo. Zile karatasi za bluu za barua za ndege na kundi langu la WhatsApp ni kitu kimoja. Nafasi ya kumwambia mama peke yake jambo la mama peke yake haikuwepo.

*

Waganga wa Ulaya waliuona ugonjwa huu mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu fupi katika chuo cha Basel, Uswisi. Alikuwa na miaka 19. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akapata "nostalgia". Siku hizi tunalitumia neno hilo kwa nyimbo za zamani, lakini Hofer alimaanisha ugonjwa hasa, wenye homa, kukosa usingizi na mapigo ya moyo, na unaoweza kuua. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza kuna mwanafunzi kutoka Bern aliyekuwa akisoma Basel. Alizidiwa hadi watu wakakata tamaa, kisha akaanza kupata nafuu njiani, mara tu alipowekwa kwenye gari la kumrudisha. Mwingine ni msichana wa shamba aliyelazwa hospitalini baada ya kuanguka. Alikataa chakula na dawa, akawa anarudia neno moja tu, kwamba anataka kwenda nyumbani. Aliporudishwa, akapona.

Nilipofika kwenye ukurasa huo nilisimama nikazunguka chumba. Mwanafunzi na msichana. Miaka zaidi ya 300 iliyopita.

Neno la pili linatoka karibu nasi zaidi. Kalervo Oberg alikuwa mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake Ankole, Uganda, miaka ya 1930. Mwaka 1954, akiwa Rio de Janeiro, alitoa mhadhara kwa klabu ya wanawake wageni juu ya mshtuko unaompata mtu katika utamaduni wa wenyewe. Alieleza dalili: kunawa mikono kupita kiasi, kuogopa maji na chakula, kukodoa macho mbali bila kuona kitu, kuhisi kila mtu anakuibia, na hamu kali ya kuwa kwenu. Alisema hupitia hatua. Kwanza fungate, kila kitu kinapendeza. Halafu dhoruba. Halafu, ukivumilia, unazoea. Mhadhara huo ulichapishwa 1960, mwaka ule ule Wangari alipopanda ndege.

Mwaka huo huo wa 1960, daktari wa akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria waliokuja kwake wakisema ubongo umechoka. Kichwa kinawaka, kama kuna kitu kinatambaa ndani. Anasoma ukurasa na haingii hata mstari. Prince aliona kwamba wengi walikuwa watoto wanaosomeshwa na ukoo, na ukoo unangoja.

Kwa hiyo haikuwa kwamba hakuna aliyejua. Elimu ilikuwepo, ila ilikuwa katika majarida, na wasichana walikuwa katika vyumba vya kufulia.

Sisi wenyewe tuna maneno. Tuna ukiwa, tuna kihoro, tuna simanzi, tuna ugeni. Lakini ugeni wa methali zetu una mwisho: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukishapewa jembe wewe ni mtu wa pale. Mwanafunzi wa kigeni Marekani leo hapewi jembe. Kwa viza yake haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anakaa miaka minne siku ya pili ya ugeni.

*

Anayetaka kuona sura ya jambo hili katika fasihi amsome Ama Ata Aidoo wa Ghana. Riwaya yake Our Sister Killjoy ilitoka 1977. Ina msichana anayeitwa Sissie, anayepelekwa Ujerumani kwa ufadhili, kisha anapita London. Wazungu wanamlisha matunda na kumtazama. Waafrika wenzake, wengi wao wanafunzi wa kiume wasiorudi, wanamwona mkali, mharibifu wa raha. Mwishoni anaandika barua ndefu, na ndani yake anasema kila kitu. Halafu, ndani ya ndege ya kurudi, anaamua hataituma.

Kwetu, Grace Ogot alikuwa London miaka ya 1950 akisomea uuguzi na ukunga, na baadaye akafanya kazi BBC. Mchumba wake, Bethwell Ogot, naye alikuwa Uingereza akisoma, na wawili hao waliandikiana. Inasemekana ni Bethwell aliyeona katika barua hizo kwamba huyu ni mwandishi. Naipenda habari hii kwa sababu moja. Barua zilizomtoa mwandishi ndani ya Grace hazikuwa za kusomwa kanisani. Zilikuwa na msomaji mmoja.

*

Yangu nitayasema kwa ufupi, maana hayana uzuri wa kurefusha.

Muhula wa kwanza ulikuwa fungate, kama Oberg alivyosema. Nilipiga picha kila kitu, hadi kopo la takataka. Wa pili nilianza kuhesabu maneno: siku nyingine nililala bila kuwa nimesema maneno ishirini kwa sauti. Mwenzangu chumbani alikuwa mwema. Aliniuliza mara moja kama kwetu tuna Krismasi, nikamjibu, na tangu hapo hatukuwa na la kusema. Darasani mhadhiri alipofika kwenye jina langu aliinua kichwa na kutabasamu kwa wasiwasi, nikawa nainua mkono kabla hajalijaribu. Mwishowe nikamwambia aniite kwa herufi ya kwanza tu. Nilijipunguza mwenyewe.

Nywele zangu zilikaa miezi mitano bila kusukwa kwa sababu msusi wa karibu alikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari sikuwa nalo. Mtu ambaye hajawahi kukaa miezi mitano bila mikono ya mwanamke mwingine kichwani mwake ataona hilo ni jambo la urembo. Msusi hukuuliza mama hajambo, hukuambia umekonda, huvuta sikio lako kidogo. Mimi niliwekwa mbali na hayo yote, halafu nikajishangaa kwa nini sishikiki.

Majira ya pili ya baridi yalipofika, niliacha kwenda darasani asubuhi. Halafu mchana. Viza ya mwanafunzi inataka uwe na krediti 12 kila muhula. Mimi niliacha somo moja kimya kimya, nikabaki na tisa. Sheria ina mlango wake: daktari akiandika kwamba unaumwa, unaweza kupunguziwa masomo na viza isiguswe. Lakini ili aandike, lazima umwambie. Nilienda kweli. Nilipewa karatasi ya maswali tisa: umekosa hamu ya mambo, umekosa usingizi, umejiona umeiangusha familia yako, na kadhalika. Nikasoma swali hilo la familia mara mbili. Halafu nikaweka alama ya "hata kidogo" kwenye maswali yote tisa, kwa mwandiko mzuri.

Niliogopa karatasi itafika kwa watu wa viza. Niliogopa itafika kwa mama. Zaidi ya hayo, sikuwa na jinsi nyingine ya kuanza. Nilifundishwa Darasa la Nne kwamba unaanza kwa kusema wewe ni mzima.

Wiki chache baadaye ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniita. Mama aliyeniita alikuwa mpole sana, na alikuwa na sanduku la karatasi za kufutia machozi mezani, upande wangu. Nilipoliona nilijua mambo yameisha.

Pale uwanja wa ndege Nairobi, mama alikuja peke yake. Alinitazama, akasema, "Umekonda." Kwenye barabara kuu, tulipopita Limuru, akasema, "Ungeniambia."

"Kundi lina watu arobaini na watatu, mama."

Hakujibu. Tulinunua viazi njiani, tukafika nyumbani, tukala. Usiku nikaona kwenye simu kwamba mama ametoka kwenye kundi.

*

Historia ya wasomi wetu wa ng'ambo imeandikwa na waliomaliza, na iliandikwa ili kuonyesha kwamba pesa hazikupotea. Sina ubaya na hilo. Nchi ilikuwa inajengwa, na waliorudi waliijenga kweli, mara nyingi bila shukrani. Wangari mwenyewe alirudi Januari 1966 akiwa na barua ya kazi ya Chuo Kikuu mkononi, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na ya kuwa mwanamke. Alibaguliwa nje, akaja kubaguliwa ndani, na bado 1971 akapata uzamifu wake hapa Nairobi. Tunasoma hayo na kusema, ona, alivumilia. Mara chache tunauliza uvumilivu huo uligharimu nini, na ni nani aliyelipa bei hiyo hiyo akarudi bila cheti.

Nilimuuliza Mwalimu, siku ile barazani, kama barua ingekuwa yake mwenyewe angeandika nini. Nilidhani atataja ubaguzi, kwa maana alikuwa ameniambia kuhusu duka lililokataa kumpa viatu avijaribu. Alikaa kimya, akachovya mkate.

"Ningemwambia mama kwamba nimesahau sauti yake," akasema. "Hilo tu. Lakini mwalimu mkuu angelisomaje hilo mbele ya watu?"

Binamu yangu anaondoka Agosti. Ni Kanada, si Marekani, na anasomea uhasibu. Kamati imeshaundwa, kundi la WhatsApp lina watu sitini na moja, na mimi niliyeacha chuo nimepewa kazi ya kusoma majina kwenye harambee kwa sababu eti nina sauti nzuri. Nitayasoma. Pesa zile zinahitajika, na wanaozitoa wanampenda.

Ila jana nilimketisha chini nikamsuka, mistari midogo midogo ili ikae sana. Nilimwambia baridi ataizoea. Nikamwambia Jumapili atume ujumbe wake kwenye kundi kama kawaida, awaambie ni mzima, wana haki ya kusikia. Halafu atafute saa nyingine, hata iwe usiku wa manane huku kwetu, apige simu kwa mama yake au kwangu, mtu mmoja tu. Na akipiga, asianze na salamu.

"Nianze na nini sasa?" akauliza.

Nikamwambia aanze popote, mimi nitakuwa macho.